Maji ya Kifuani, Maji ya Bwawa

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi ya nje ya kliniki ya kifua, umevaa barakoa, na jirani yako amesogea akaacha nafasi ya watu wawili katikati, mwache asogee. Utapata pa kuweka mkoba. Mimi nilikalia benchi hiyo miezi sita. Mtu wa kwanza kuniambia kwamba ninapendeza alikuwa anadanganya, na wa pili alitaka nafasi yangu kwenye foleni.

Sitakueleza habari za vijidudu. Kazi hiyo wameachiwa wenye makoti meupe na, kwa bahati mbaya, kila jirani mwenye mdomo. Nitakueleza vile mtu anaugua, vile watu wanageuka wajinga mbele ya mgonjwa, na vile nilirudisha mwendo wangu majini nikiwa nimepewa bwawa kwa saa moja na nusu tu kwa wiki.

Naitwa Kanini. Mimi ndiye mlinzi wa waogeleaji kwenye bwawa la hoteli moja Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti kirefu, kupuliza filimbi, na kuwatoa majini wanaume wenye vitambi waliowaambia wake zao kwamba wanajua kuogelea. Nilifunzwa kuogelea Pwani na mama mmoja anayeitwa Bi Zuhura, wakati huo nikipiga deki kwenye hoteli huko. Kwetu ni Matiliku. Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu kama kila Mkamba anavyomwita mamake, alizaliwa Tseikuru, na huko ukitaka maji unachimba mchanga wa mto mpaka ufike kiunoni. Kwake maji ni kitu cha kuweka kwenye mtungi na kufunika. Mtu kujitumbukiza ndani yake mzima mzima, tena alipwe, ni wazimu.

Kikohozi kilianza mwezi wa kumi, watu wakingoja mvua. Kila mtu akawa daktari. Ni baridi ya hiyo maji, waliniambia. Nikaletewa tangawizi, kitunguu saumu, mafuta ya kujipaka kifuani na sweta mbili. Sweta mbili, Kibwezi! Mahali ambapo hata mbuzi saa tatu asubuhi ashatafuta kivuli. Na mimi, mtu mzima niliyeelimika kidogo, nikazivaa. Heri niseme ukweli: ningewacheka hao wote vizuri zaidi kama nisingewaamini. Wiki sita nzima nilikunywa tangawizi nikijiambia kwamba ni baridi, huku jasho likilowesha shuka kila usiku na sketi ikiniteleza kiunoni mpaka nikaifunga kwa pini. Upumbavu wangu sikuazima kwa mtu.

Mvua ya Novemba iliponyesha, sikuweza kupanda ngazi ya kile kiti changu. Nikapelekwa hospitali. Tulingoja kutoka saa mbili mpaka saa nane, mimi na Mwaitu, kwenye chumba chenye televisheni isiyo na sauti. Mwanamume mmoja alikuja na kaka yake aliyevunjika mguu, akaeleza watu wote vile ajali ilitokea, kisha akaanza upya kila mgonjwa mpya alipoingia. Kufikia saa sita ningeweza kutoa ushahidi kortini.

Daktari alikuwa kijana. Akatazama picha ya kifua, akasema, "Uko na maji kifuani, upande wa kulia. Tutayatoa."

Mwaitu akapiga mapaja yake makofi. "Si nilisema! Si nilisema!"

"Mama, si maji ya namna hiyo," daktari akamwambia. "Ni ugonjwa wa TB umefanya mwili utengeneze hayo maji."

Mwaitu akaitikia kwa heshima, "Ndiyo daktari, ndiyo daktari," na hakuamini neno hata moja. Waliponidunga sindano mgongoni na kujaza chupa mbili za kitu cha manjano kama chai ya rangi, aliikaribia chupa moja, akaikazia macho, akatangaza, "Hiyo ni ya hoteli."

Kabla sijafika nyumbani, Matiliku yote ilikuwa na habari. Kanini amemeza bwawa. Jirani mmoja aliniuliza kama yale maji yaliyotoka yalikuwa na harufu ya klorini. Nilimtazama mpaka akakumbuka ameacha sufuria motoni.

Kisha akaja pasta wetu na wazee watatu wa kanisa, kukemea roho ya maji. Naomba unisikilize vizuri hapa. Mito yetu hukauka, kwa hiyo pasta huyu hukodi bwawa la hoteli yetu kila baada ya miezi michache ili abatize watu. Bwawa lile lile! Maji yale yale! Mimi hukaa kwenye kiti changu nikimlinda, kwa sababu hajui kuogelea hata kidogo. Mwaka mmoja aliteleza kwenye ngazi, nikamvuta kwa kola ya joho lake, na Jumapili iliyofuata akaambia kanisa kwamba alizidiwa na upako. Leo ameketi sebuleni kwetu, anakunywa chai yetu, ananiambia yale maji ni mlango wa shetani.

"Dada Kanini, apa mbele za Mungu hutaingia tena," akasema.

Mwaitu akanitazama akilia. Nilikuwa na kilo arobaini na nne na homa. Ningeapa hata kwamba mimi ni ngamia, bora wanyamaze nilale. Nikaapa.

Nikaanza dawa. Miezi miwili ya kwanza ni vidonge vikubwa, vinamezwa asubuhi kabla ya chakula, na mkojo unatoka rangi ya soda ya machungwa. Usishtuke. Hakuna aliyeniambia, nikadhani nimekufa tayari. Magoti yalikuwa yanauma kama ya bibi kizee. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Desemba watu walikula maembe mpaka kwenye viwiko, mimi nikiyanusa tu nakimbia nje.

Kaka yangu Musyoka, mwanamume anayejisifu kwamba haogopi nyoka, alichukua kikombe kimoja na sahani moja akavipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, ili visichanganyike na vya watu. Sista wa kliniki alimweleza mwenyewe, uso kwa uso, kwamba baada ya wiki kadhaa za dawa nisingeweza kumwambukiza. "Najua, sista," akasema. Kikombe kikabaki chekundu mpaka mwezi wa sita. Na wewe utapakiwa rangi kikombe chako. Kinywee tu, chai haijui.

Huyo sista ndiye mtu pekee sina la kumkosoa. Hakunionea huruma hata siku moja. "Arobaini na nne, kuja hapa," alikuwa akiniita kwa uzito wangu badala ya jina. Baadaye nikawa Arobaini na sita, nikawa Arobaini na tisa. Siku niliyofika Hamsini, alitoa kiazi kitamu alichofunga kwa gazeti, akanipa, akarudi kwa kadi zake. Nilikila kwenye benchi, chote, na ganda. Kilikuwa chakula cha kwanza kuwa na ladha ya chakula.

Mwili uliobaki ulikuwa wa mtu mwingine. Mikono niliyoijenga kwa miaka kumi ilikuwa imelegea, ngozi inaning'inia. Upande wa kulia ulikaza. Nikivuta pumzi ndefu, ulivuta kama nguo iliyoshonwa ndogo.

Mwezi wa tano, mvua ikiisha, meneja wa hoteli akapiga simu. Kwanza aliniuliza hali, kwa ile sauti ya mtu anayesoma mahali. Kisha akaja kwa yake. Cheti changu cha ulinzi kilikuwa kimekwisha nikiwa mgonjwa. Mtahini angekuja mwezi wa tisa. Nilitakiwa kuogelea mita elfu moja na mia tano bila kusimama, chini ya dakika arobaini. Nikishindwa, kazi ingepewa mpwa wa mkewe.

Huyo mpwa namjua. Huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Majini hasogei zaidi ya pale anaposimama, na mtoto akizama upande wa kina kirefu, atampigia simu. Lakini sikuwa nafikiria watoto wa watu, wacha nisijipake mafuta. Nilikuwa nafikiria kile kiti cha plastiki nyumbani Matiliku, karibu na mlango, ambapo niliwekwa kila asubuhi, na vile watu walikuwa wameanza kunizoea pale. Wakipita wanasalimia kwa sauti ya chini. Nikishindwa kuogelea, nitakaa kwenye kiti kile mpaka nizeeke, Kanini yule mgonjwa. Hilo sikulitaka hata kidogo.

"Nipe bwawa nifanye mazoezi," nikamwambia meneja.

"Madam, kuna wageni. Na maji yananunuliwa. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili mpaka saa moja kasorobo. Basi."

Dakika arobaini na tano, mara mbili kwa wiki. Mgeni mwenyewe hajawahi kuonekana pale kabla ya saa nne.

Mwaitu aliposikia, alisimamisha kazi ya kuchagua ndengu. "Uliapa."

"Niliapa nikiwa na homa."

"Mungu hajui homa?"

"Mwaitu, maji haikunifanya mgonjwa."

"Na hiyo chupa nilionyeshwa na daktari ilikuwa nini? Soda?" Akamwaga ndengu zote kwenye ungo upya, zile chafu na zile safi. "Enda. Enda umalizie ile ilibaki."

Nilihamia chumba changu cha Kibwezi wiki hiyo. Mwezi mzima wa sita hakupokea simu yangu.

Ijumaa ya kwanza nilijaribu mita zote. Bwawa lina mita ishirini na tano, kwa hiyo ni kulivuka mara sitini. Nilimaliza kwa dakika hamsini, tano zikiwa za kuiba, mara nne nikiwa nimeshika ukuta natema mate, mtunza bustani akinitazama amesimamisha mpira wa kumwagilia. Jumanne nikarudia, hamsini. Ijumaa, hamsini na moja. Nikampigia Bi Zuhura simu nikilia.

"Hebu nambie, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya kutafuna maneno polepole. "Wataka kuogelea ama wataka kuoshwa?"

"Kuogelea, Bi Zuhura."

"Basi mbona kila siku wafanya mazoezi ya kwenda polepole? Mtu akirudia upole, huwa hodari wa upole. Koma kuogelea safari nzima. Una dakika arobaini na tano. Ni nyingi mno ukiacha kuchezea maji."

Sasa shika haya, kwa sababu vitabu vinayazungusha sana. Jumanne niliogelea mita mia, nikapumzika kwa pumzi kumi, mita mia tena, kila moja kwa muda ule ule. Nilihitaji dakika mbili na sekunde arobaini kwa kila mia. Mwanzoni niliweza tatu tu kwa mwendo huo, ya nne ikavunjika. Bi Zuhura alisema ikivunjika nitoke, nisijifunze kuvunjika. Kila baada ya wiki nikaongeza moja. Ijumaa niliogelea kipande kimoja kirefu, nikihesabu mikono. Kuvuka bwawa mara moja kulinigharimu mikono ishirini na saba. Kichwa kikishuka, kiwiko kikiwa juu, ukuta ukisukumwa kwa miguu yote miwili na si kuguswa kama mtu anayebisha hodi, mikono ikashuka hadi ishirini na moja. Nguvu ilikuwa ile ile. Sikuwa na nyingine.

Kupasha mwili joto nilimalizia nchi kavu, ili saa kumi na mbili ikifika nisipoteze hata dakika moja. Siku ambazo sikuwa na bwawa nilifunga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nguzo ya uani, nikainama, nikavuta kama ninayeogelea, mia mbili kila jioni. Wapangaji wenzangu walitoa viti kunitazama. Mmoja alisema dawa za TB hupanda kichwani. Nikamwambia ni kweli, na hushuka mkononi pia, asogee.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ule upande wa kulia. Nilikuwa naukwepa, napumulia kushoto tu, na mwili ukawa unaenda kombo. Bi Zuhura aliujua bila kuniona, kwa simu. "Upande ule waogopa," akasema. Nikalazimika kupumua kila mkono wa tatu, mara kulia mara kushoto, na kila zamu ya kulia niliungoja ule uchungu wa sindano. Ilichukua wiki saba kabla ya kuacha kuungoja. Sista alikuwa amenitoa dawa mwanzoni mwa mwezi wa sita, akagonga muhuri kwenye kadi, akasema, "Hamsini na tatu, usinirudie hapa." Mwezi wa nane mbaazi zikavunwa, na nikaweza mita mia mara kumi na mbili kwa mwendo niliotaka. Mwaitu alianza kupokea simu, lakini tuliongea habari za mbaazi.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Nilipofika nikakuta bwawa limezungukwa na majoho meupe. Pasta alikuwa na ubatizo saa mbili, na watu wetu, ambao harusini hufika saa tisa ikiwa imeandikwa saa nne, siku hiyo walikuwa wamefika saa kumi na mbili na nusu. Mwaitu alikuwa kati yao, na kwaya, Biblia kwapani. Hakunitazama.

Mtahini, mama mfupi mwenye saa ya kupimia shingoni, akauliza, "Bwawa liko wazi?"

Pasta akakunjua mikono. "Watu wa Mungu wamekuja mapema. Tutaanza sasa, dada atafuata."

"Nina mtihani mwingine Mtito saa nne," mtahini akasema. "Nikiondoka, ni mwaka ujao."

Meneja akaanza kujikuna shingo. Akaniangalia, akaangalia kanisa, akahesabu soda ambazo kanisa lingenunua. "Kanini, si ungoje tu? Na kusema kweli, vile umekuwa mgonjwa..."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye, pasta na mpwa pamoja. Sikuyahitaji, kwa sababu Mwaitu alikuwa amesimama.

"Pasta, ngoja kwanza," akasema.

"Mama Musyoka, huyu binti aliapa mbele yako..."

"Aliapa kwangu, kwa nyumba yangu. Nimemfungulia." Hakuketi. "Mungu hana haraka. Msichana wangu ndiye ako na saa."

Aiya! Pasta aliketi kwenye kiti cha jua, joho likajikunja magotini. Nikavaa miwani nikaingia kabla mtu hajapata ufahamu.

Mia za kwanza nilienda mbio kwa hasira, nikakumbuka nikapunguza. Hasira huisha katika mita mia tatu, nakuonya. Baada ya hapo ni kuhesabu. Mikono ishirini na moja, ukuta. Pumzi kulia, pumzi kushoto. Kufikia mara ya thelathini kuvuka, ule upande ulianza kuvuta, nikauacha uvute. Kila nilipopumulia kulia niliona majoho, na mbele yao gauni la bluu la Mwaitu limesogea karibu na ukingo kuliko alivyowahi kusogelea maji yoyote. Mara ya arobaini na nane mikono ikawa ishirini na nne. Mara ya hamsini sikuwa na miguu. Kwaya ilianza kuimba, sijui nani aliwaambia, na walikuwa wanaimba polepole kuliko mwendo wangu, nikawachukia sana, nikaogelea mbele ya wimbo wao mpaka ukuta wa mwisho.

"Thelathini na tisa, sekunde kumi na moja," mtahini akasema, akaandika.

Meneja alikuwa wa kwanza kunipa mkono. "Mimi sikuwa na shaka hata siku moja," akasema. Nilimpa mkono uliolowa na nikaushikilia mpaka shati lake likalowa hadi kwenye kiwiko. Pasta akaingia majini na watu wake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mlinzi tena, nikamwonyesha ngazi inayoteleza.

Mwaitu alinifuata nyuma ya chumba cha pampu, nikiwa najifunga taulo. Alifungua Biblia yake, akatoa picha ya ukubwa wa ukurasa, akaniwekea mkononi. Ilikuwa mimi, nimevaa gauni la harusi ya Musyoka, jicho moja limefumba nusu.

"Hii ni ya nini?"

"Niliipeleka studio mwezi wa kwanza ikuzwe," akasema. "Ya kile kikaratasi."

"Kikaratasi gani, Mwaitu?"

Nikaelewa. Kile kinachogawiwa kanisani siku ya mazishi, chenye jina, na wimbo, na ratiba ya kuondoka nyumbani. Mwezi wa kwanza, mimi nikiwa kwenye kiti cha plastiki nameza vidonge, mama yangu alishanichagulia picha.

"Niliogopa kuitupa," akasema. "Na kuiweka kwa ukuta niliogopa."

Nikaitazama tena picha. "Mwaitu," nikasema, "ungenizika na jicho moja?"

"Ndiyo hiyo tu iko!" akafoka, machozi yakimshuka. "Wewe unakaa nyumbani lini upigwe ingine?"

Nikamwita mtunza bustani, nikampa simu. Mwaitu akasimama kando yangu, akanishika mkono, maji yangu yakiingia kwenye gauni lake la bluu.

"Macho yote mawili, Kanini," akaniamuru.